Samaki Katika Chumba cha Eda

Siku ile nilipaswa kukataa. Samaki alikuwa ametimiza siku tisa tu ndani ya beseni la bluu, na kanuni ambayo mimi mwenyewe nimeihubiri dukani kwangu kwa miaka mingi ni kwamba samaki mgeni hukaa peke yake wiki nne, hata akionekana mzima wa afya. Dada yangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na nguo zake nyeupe za eda, ananitazama nikibadilisha maji.

"Kosa lake nini huyo?" akauliza.

"Hana kosa, dada. Anaangaliwa tu."

"Mfungwa mmoja anatosha humu ndani. Mtoe."

Nikachukua wavu mdogo, nikamwinua, nikamwachia kwenye tangi kubwa. Haikuchukua hata dakika moja. Nimefanya makosa mengi katika maisha yangu na mengi nimeyasahau, lakini hili naliona bado: wavu ukichuruzika maji, mkono wangu ukigeuka, samaki akizama kuelekea kwenye mawe.

Nina duka dogo Kariakoo, kwenye uchochoro unaotokea mtaa wa Msimbazi, kati ya muuza vitenge na muuza vipuri vya cherehani. Nauza matangi ya kioo, pampu za hewa na chakula cha samaki. Wateja wangu wengi hufuga samaki wa maji baridi, wale wekundu wa kwenye vyumba vya kusubiria vya zahanati. Samaki wa maji ya chumvi nilifundishwa na shemeji yangu, mume wa dada. Alikuwa fundi wa mitambo ya meli, mtu wa maneno machache, na alikuwa na samaki wawili wa aina ya klauni waliotoka baharini kwetu hapa hapa: mwili wa kahawia na chungwa, mistari miwili myeupe, mkia mweupe. Jike alikuwa mkubwa, karibu urefu wa kidole changu cha kati. Dume alikuwa mdogo na alimfuata nyuma popote. Waliishi naye miaka kumi na miwili.

Shemeji alikwenda India kutibiwa moyo. Hakurudi mzima. Mwili uliletwa kwa ndege baada ya siku sita, tukazika alasiri ile ile, na dada akaanza kukaa eda.

Tangi lilikuwa chumbani kwao cha kulala. Shemeji alipenda kulitazama akiwa amejilaza. Fundi aliyekuwa akimsaidia kulisafisha alikuwa mwanamume wa nje, na kwa desturi ya nyumba yetu hakuweza kuingia katika chumba alichokalia mjane. Wanaume walioruhusiwa kuingia mle walikuwa wachache, na kati yao mimi peke yangu ndiye niliyejua kushika pampu. Basi kazi ikawa yangu. Kila siku baada ya swala ya Alasiri nilifunga duka, nikapanda ngazi za ghorofa nne, kwa kuwa lifti ya jengo lile ni ya hadithi tu, nikagonga mlango.

"Shikamoo mjomba," mpwa wangu alikuwa akinifungulia. Ndiye aliyekuwa akimpikia mama yake.

"Marahaba. Wamelalaje?"

"Mama au samaki?"

"Wote."

Chumba kilikuwa na dirisha moja. Zamani lilitazama paa za mabati na minazi miwili, siku hizi linatazama ukuta wa jengo jipya, karibu mno. Mtu akinyoosha fagio kutoka dirishani ataugusa. Chini barabarani kulikuwa na muuza viatu mwenye kipaza sauti kilichorekodiwa, kinarudia sentensi moja kuanzia asubuhi hadi magharibi. Mimi niliisikia kwa saa moja, nikaondoka na kichwa kinauma. Dada aliisikia siku nzima, na alikuwa na miezi minne na siku kumi za kuisikia.

Dada yangu ni mtu wa kutimiza. Hakutoka hata kwenye varanda. Hakujipaka manukato wala kuchoma udi. Alichokuwa nacho cha kutazama ni lile tangi, na alilitazama kweli. Nilikuwa nikifika ananipa habari: jike amemfukuza dume kutoka kwenye kona, dume amekula vipande vitatu, jike amelala upande wa kushoto badala ya kulia. Mtu asiyemjua angedhani anazungumzia majirani.

Katika wiki ya tano dume akafa. Hakuwa na ugonjwa, alizeeka tu. Nilimkuta amelala juu ya mchanga, na jike anazunguka kioo kwa kioo, anapanda, anashuka.

"Haya," dada akasema, "tumekuwa wajane wawili."

"Nitamtafutia mwingine."

"Mume? Kabla ya miezi minne? Huyu hana eda?"

"Samaki hana eda, dada."

"Bahati yake." Akacheka kidogo, halafu akafunika mdomo kwa ukingo wa mtandio. "Mtafutie. Asizunguke hivi, ananiumiza macho."

Nikavuka kwa kivuko cha Magogoni asubuhi na madumu mawili na kisanduku cha povu. Upande wa Kigamboni nina mzamiaji ninayemfahamu, anayekamata samaki wa mapambo. Akanipa dume mdogo wa aina ile ile. Nikajaza madumu maji ya bahari mbali na maji machafu ya bandari, nikarudi.

Hapa nieleze kwa nini beseni la karantini nililiweka chumbani kwa dada na si dukani kwangu. Shemeji alikuwa amefunga betri ya akiba kwa ajili ya tangi, kwa sababu umeme wa mtaa ule haukuaminika, na dukani sikuwa na kitu kama hicho. Samaki wa bahari akikosa hewa saa mbili kwenye joto letu, basi. Kwa hiyo beseni likakaa pembeni ya kabati, na pampu ndogo, na kipande cha bomba la plastiki cha kujifichia. Halikuwa na mchanga wala jiwe, ili nione kila kitu na nisafishe kila kitu. Nilimweleza dada kwamba samaki aliyetoka baharini anaweza kubeba wadudu wasioonekana kwa macho. Baharini hawamsumbui sana, maji ni mengi. Kwenye kioo huzaliana, hushambulia matamvua na ngozi, na kwa siku chache humaliza kila samaki aliyemo. Kwa hiyo anatengwa, anatazamwa, akiumwa anatibiwa akiwa peke yake.

Alinisikiliza. Lakini ni yeye aliyekuwa akikaa na beseni lile kuanzia alfajiri. Ni yeye aliyemwona yule samaki akigonga pua kwenye plastiki.

Na lazima niseme upande wangu pia, maana ningeweza kumwachia dada lawama yote na si haki. Beseni la karantini linahitaji maji mapya kila siku mbili. Hiyo ilikuwa kupanda ghorofa nne na dumu begani, katika umri wangu, halafu kushuka na maji machafu, halafu kuvuka tena Kigamboni. Siku ya tisa magoti yalikuwa yananiwaka moto. Dada aliposema mtoe, nilisikia huruma, ndiyo, lakini nilisikia nafuu zaidi.

Siku tatu za kwanza zilikuwa nzuri. Jike alimfukuza mgeni, akamng'ata mkia, kisha akamzoea. Dada alikuwa akinisimulia kabla sijavua viatu.

"Leo kamruhusu kulala karibu naye. Lakini si karibu sana! Mwanamke ana msimamo wake."

Siku ya nne nilimkuta jike anajikuna kwenye jiwe. Alikuwa akienda mbio ubavu ubavu, anajipitisha, anarudi. Pumzi zake zilikuwa za haraka. Mgeni alikuwa amejibanza juu karibu na mahali maji yanapomwagika, mdomo wazi. Kwenye ngozi ya jike kulikuwa na weupe.

Niliwatoa wote wawili kwenye tangi, nikawaweka kwenye beseni. Hilo nilifanya sawa. Halafu nikafanya la pili katika makosa yangu. Niliona weupe, nikaamua ni vidoa vyeupe, ugonjwa ambao kila muuza samaki anaujua, na dawa ya vidoa vyeupe ni shaba. Nikaenda kwa muuza dawa za asili Kariakoo, nikanunua mrututu, yale mawe ya bluu yenye shaba ambayo watu huyatumia kwa vidonda. Nikayapima kwa mizani ndogo, nikayeyusha, nikatia kidogo kidogo. Nilijivunia uangalifu wangu. Sikuchukua hata dakika tano kutazama vizuri kwamba weupe ule haukuwa vidoa. Ulikuwa ute. Ngozi ilikuwa inamenyeka kama sabuni iliyolowa.

Mgeni alikufa siku ya pili. Ndipo nikampigia simu mzamiaji.

"Mzee, ngozi inamwagika?"

"Inamwagika."

"Halafu anahema?"

"Anahema sana."

"Sasa mrututu wa nini, mzee wangu? Huo ni ule ugonjwa wao wenyewe hao klauni. Shaba hauisikii kabisa. Tafuta formalini, mwogeshe, dakika arobaini na tano, hewa iwe nyingi. Kila baada ya siku moja, mara tatu. Na kila ukimwogesha, beseni jipya, maji mapya. Ulimweka karantini kweli yule niliyekupa?"

"Siku tisa."

"Haya mzee," akasema. "Mwahi basi huyo aliyebaki."

Formalini niliipata kwenye duka la vifaa vya maabara za shule. Muuzaji aliifunga chupa ndani ya mifuko miwili, lakini harufu ilitoka hata hivyo, kali, ya kuchoma pua. Nikaitambua pale pale kaunta. Kila mtu aliyekuwa nyumbani kwa dada siku ulipofika mwili wa shemeji angeitambua. Mwili ulikuwa umetiwa dawa hiyo hiyo huko India ili usafirishwe bila kuharibika. Sanduku lilipofunguliwa ili dada amuage mumewe, harufu ile ilijaa chumba, na dada aliinamia ndani yake muda mrefu kuliko wengine.

Nilijua. Nataka hilo lieleweke. Nilishika chupa mkononi, nikajua inanuka nini, na nikapanda nayo ngazi. Ningeweza kulipeleka beseni juu ya paa, ghorofa mbili zaidi, nikatafuta namna ya kuvuta waya. Niliona tabu. Nikajiambia nitafungua dirisha. Dirisha linalotazama ukuta!

Sikumwambia dada chochote. Nilisema, "Nimepata dawa yenyewe." Nikaandaa beseni safi, nikaweka mawe mawili ya hewa, nikavuta dawa kwa bomba la sindano, nikatia. Kisha nikamweka jike.

Haikupita dakika tano.

"Harufu gani hiyo?"

"Dawa ya samaki, dada."

"Nakuuliza, harufu gani hiyo?"

"Dada, ni dawa tu, itaisha..."

"Usinifanye mtoto mimi. Naijua."

Akasimama. Akatoka chumbani akaenda jikoni, na harufu ilikuwa imeshafika jikoni. Nilimsikia akirudi kwenye korido, akienda sebuleni, akirudi tena. Nikachungulia. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa nje, mkono wake upo juu ya komeo. Alisimama hivyo, mgongo umenielekea, na mimi nilikuwa naomba afungue. Ingekuwa dharura, nani angemlaumu? Hakufungua. Mkono ukashuka.

"Nichome udi kidogo, ma..." mpwa wangu akaanza, halafu akajishika mdomo, maana eda haina udi.

Dada akaenda chooni, akafunga mlango. Mle ndani hamna dirisha kabisa.

Nikatazama saa. Zilikuwa zimepita dakika kumi na tano. Zilibaki thelathini. Ningeweza kumtoa samaki, nikafunga chupa, nikabeba beseni nikaondoka. Niliwaza kwamba nikikatisha hapo, tutakuwa tumeumia bure: dawa haijafanya kazi na harufu imeshaingia. Hesabu hiyo ilionekana ya busara. Basi nikakaa juu ya kigoda karibu na beseni, machozi yananitoka kwa ukali wa dawa, nikamwangalia samaki akipumua huku dada yangu amejifungia chooni. Kipaza sauti cha viatu kinaendelea. Mpwa wangu anapepea hewa kwa sinia. Sijawahi kukaa nusu saa ndefu kama ile, na sikuinuka.

Samaki alitoka hai. Kesho yake ute ulikuwa umepungua, pumzi zimetulia, akala kipande cha uduvi. Nilifurahi kijinga.

"Dada, amekula!"

Alikuwa amelala, ameelekea ukutani.

Siku ya tatu nilifika asubuhi na beseni jipya na dumu la maji. Chupa ilikuwa ndani ya mfuko. Mpwa wangu alifungua mlango nusu.

"Shikamoo mjomba. Mama amesema usiingie na hiyo chupa."

"Mwambie bila dawa atakufa. Imebaki mara mbili tu."

Sauti ya dada ikatoka chumbani, kavu, bila kupaza. "Basi afe."

"Dada..."

"Wewe unaondoka na kwenda kwako. Mimi nalala nayo. Mto unanuka, pazia linanuka, nikinywa chai naiona. Mume wangu alikuwa na harufu ya sabuni na mafuta ya mashine. Nilikuwa nikifumba macho naipata. Sasa nikifumba macho napata hii yako. Mchukue samaki wako uende."

Alisema samaki wako. Miaka kumi na miwili walikuwa wa mumewe.

Nikamshusha jike ndani ya ndoo yenye kifuniko, ngazi kwa ngazi, nikakatiza katikati ya watu na mikokoteni hadi dukani. Nikamwogesha pale nyuma ya duka. Alivumilia dawa, lakini umeme ulikatika mchana, na nilichokuwa nacho ni kikombe. Nilichota maji na kuyamwaga kutoka juu, kuchota na kumwaga, ili yapate hewa, hadi bega likafa ganzi. Wateja walikuwa wakiita mbele, sikwenda. Kabla ya Alasiri alilala ubavu, akaacha kupumua.

Nilirudi kumwambia. Nilimkuta mpwa wangu peke yake sebuleni, nikasema kwa sauti ili dada asikie: tangi lisitiwe samaki wiki sita, wadudu wakikosa wa kumshambulia watakufa wenyewe.

"Sasa taa inamwakia nani?" dada akauliza kutoka ndani. Nikasikia swichi ikizimwa.

Zilikuwa zimebaki wiki kumi za eda. Alizikaa zote ndani ya chumba kile, mbele ya kioo chenye mawe na maji bila kiumbe. Mimi sikuwa na sababu tena ya kupanda ngazi. Nilipanda hata hivyo, mara mbili kwa wiki, nikapewa chai na mpwa wangu, nikanywa, nikashuka. Eda ilipoisha walialikwa jamaa kwa dua na chakula. Mimi nilipata habari baada ya siku tatu, kwa jirani yake aliyekuja kununua pampu. Tangi alimpa yule fundi wa zamani.

Imepita miaka mitatu. Dada yangu yu hai, ana afya, na anakaa mwendo wa dakika kumi na tano kutoka dukani kwangu. Tukikutana msibani au harusini ananisalimia vizuri mbele za watu. Hajanikaribisha kwake tangu wakati ule, na nikipiga simu anapokea binti yake. Sikuweza kukataa neno moja siku ya tisa, na kwa sababu hiyo samaki wawili walikufa, dada yangu akapoteza harufu ya mumewe, na mimi nikampoteza dada niliyekuwa nimebaki naye peke yake katika watoto wa mama yetu.